Mwanangu anataka kiwanja changu waanzishe ibada yao, nami ni mzee wa kanisa wanalolihama

Mshauri wetu, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama mjane wa miaka 58, naishi mkoani Kagera. Nalima, na nina duka dogo la madaftari na sare za shule. Nimezaliwa Mlutheri, nikabatizwa na kupata kipaimara katika usharika huuhuu ambao leo mimi ni mmoja wa wazee wake. Jina langu naomba ulihifadhi, kwa sababu hapa kwetu watu wanafahamiana.

Kanisa letu la zamani lilipata nyufa kubwa katika lile tetemeko la Septemba 2016. Tangu hapo tunajenga jipya. Kuta zimesimama, sasa tunatafuta fedha za kupaua. Kila Jumapili baada ya ibada kuna mnada wa ndizi, kuku na kahawa, kuna bahasha ya ujenzi, na kuna ahadi ya kila kaya. Hata jumuiya zimegeuka. Tukikutana tunaimba wimbo mmoja, tunasoma neno haraka haraka, halafu daftari la ahadi linafunguliwa.

Kuna jambo moja linaniuma hadi leo. Mzee mmoja wa jumuiya yetu alianguka akavunjika nyonga. Tukaenda kusali kwake. Yeye alikuwa amelazwa nyuma ya pazia, sisi tumekaa sebuleni. Ulipofika wakati wa daftari, jina lake likasomwa kama majina ya wengine: aliahidi kiasi hiki, ametoa kiasi hiki, bado kiasi hiki. Tukamsikia akiitikia kule ndani, "Nitamalizia, nitamalizia." Nilipotoka nje niliona kahawa yake imeiva na kuanza kudondoka, hakuna wa kuichuma. Wiki iliyofuata vijana wa kikundi cha maombi walikwenda wakaichuma, wakaianika, wakapalilia na migomba. Hakuna aliyewatuma.

Vijana hao ndio wenye mgogoro na baraza letu la wazee. Walikuwa wakikutana kanisani Jumatano jioni. Wanaomba kwa sauti, baadhi wananena kwa lugha, kinanda na ngoma vinapigwa mpaka saa nne usiku. Kwaya kuu ililalamika kwamba kinanda chao kinatumiwa bila ruhusa. Wazee wenzangu wanasema huo si utaratibu wetu wa ibada, ni Upentekoste unaingizwa kinyemela. Ikazuka na habari kwamba vijana wanakusanya fungu la kumi lao wenyewe. Kiongozi wao ni mwanangu wa pili, ana miaka 29, ni mwalimu wa shule ya msingi.

Jumatano moja wakati wa masika wakakuta mlango una kufuli jipya. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Mvua ikawakuta hapo hapo, wakajibanza chini ya upenu wakaimba hadi ilipokatika. Mmoja wao ni binti mwenye mtoto mchanga, alikuwa naye mgongoni. Mimi siku hiyo nilikuwa nje ya mji, na wazee walioamua hawakuitisha kikao. Mchungaji wetu ni mgeni, hana muda mrefu kwetu. Nilipomuuliza alisema suala liko mbele ya baraza na asingependa kulitangulia.

Sasa mwanangu amekuja na wenzake wawili. Nina kiwanja karibu na stendi tulichonunua na marehemu mume wangu, hati ina jina langu. Wanaomba wasimamishe turubai waanze ibada za Jumapili. Akaniambia, "Mama, sisi hatukutoka, tumetolewa." Mtumishi mmoja wa mjini ameahidi kuwapa vyombo vya muziki na kuwa baba yao wa kiroho.

Habari hizo zimevuja. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Alikuja nyumbani, hata chai hakunywa. Akasema, "Shemeji, ukitoa kile kiwanja utakuwa umelichana kanisa kwa mikono yako, na kwenye uzee wa kanisa hutabaki." Binti yangu aliyeolewa Mwanza naye anasema nisimpe mtu yeyote. Kikao cha baraza mwezi ujao ndicho kitakachoamua hatima ya kikundi cha vijana.

Marehemu mama yangu alikuwa mlokole wa ule Uamsho wa zamani. Nimekaa najiuliza angesema nini. Nikikataa nampoteza mwanangu. Nikikubali navunja umoja wa kanisa lililonilea. Nishauri.

Mama wa Kagera

*

Mama yangu, shikamoo. Na Bwana asifiwe, amina.

Nikikuelewa vizuri, watu wawili unaowapenda wamekuwekea kitu kimoja mkononi. Mwanao anataka kiwanja kama uthibitisho kwamba uko upande wake. Shemeji yako anataka ukikatae kama uthibitisho kwamba uko upande wa kanisa. Kikao kinakaribia, na kila mmoja ameshakuambia jibu lako litahesabiwa kuwa nini. Nasikitika kwamba mzigo huu umekuangukia wewe, ambaye hukuwepo kufuli lilipofungwa.

Nianze na sentensi zako mbili za mwisho, maana naona umezikubali kabla ya kuzichunguza. Unasema ukikubali utavunja umoja wa kanisa. Mama, kiwanja chako hakikuwemo katika ugomvi huu ulipoanza. Ulianza na kinanda, ukaja na habari za fungu la kumi ambazo hujaniambia kama kuna aliyezithibitisha, ukafika kwenye kufuli. Ukitoa kiwanja au ukikizuia, vijana bado watakuwa hawajaambiwa kwa nini walifungiwa mlango, na kwaya bado itakuwa na kinyongo cha kinanda chake. Kwa hiyo hapa kuna mambo mawili: baraza lifanye nini na kikundi cha maombi, na wewe ufanye nini na mali yako. Hayo mawili yamefungwa pamoja na watu wengine. Unaweza kuyafungua.

Unasema pia ukikataa utampoteza mwanao. Je, yeye amekuambia hivyo, au ni hofu yako? Kijana wa miaka 29 aliyekwenda kumchumia kahawa mzee wa watu bila kutumwa, mimi sioni kwamba atamtupa mama yake kwa sababu ya kiwanja. Huenda ataumia. Kuumia na kupotea si jambo moja.

Umemtaja mama yako, na hilo limenigusa, kwa sababu mgogoro wenu una babu zake. Uamsho ulioanzia upande wa Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 ulifika kwenu Kagera kabla muongo huo haujaisha. Walokole nao walilaumiwa kwa hayohayo: kuimba usiku, kutubu mbele za watu, kuwaambia hata wachungaji kwamba hawajaokoka. Wengi wao walibaki ndani ya makanisa yao hata walipokuwa hawatakiwi. Askofu Josiah Kibira, aliyepewa uaskofu huko kwenu mwaka 1964 na kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa Uamsho huo. Yaani watu walioonekana wasumbufu ndio waliokuja kulibeba kanisa.

Lakini nisikupe nusu ya habari. Kule Nyanza, Kenya, Uamsho huohuo uliwagawa Waanglikana, na mwishoni mwa miaka ya 1950 kundi la Johera likiongozwa na padri Matthew Ajuoga likatoka na kuanzisha kanisa lake. Malalamiko yao makubwa yalikuwa juu ya walokole waliobaki: kwamba wanajiona wao tu ndio waliookoka na wanawadharau wengine. Kwa hiyo moto wa kiroho umewahi kulihuisha kanisa na umewahi kuligawa, na mara nyingi tofauti ilikuwa katika namna watu walivyotendeana wakati wa kutofautiana.

Ndiyo maana nina swali ambalo barua yako haikulijibu. Umeniambia vijana walivyochuma kahawa, na nimefurahi. Hukuniambia wanawaitaje wazee wanapokuwa peke yao. Je, katika maombi yao ya Jumatano wazee wanatajwa kama baba zao, au kama watu wasio na Roho? Mwanao anajua jibu. Muulize kwa upole, siku ambayo hamzungumzii kiwanja.

Na shemeji yako naye nakuomba umtazame tena. Amekutisha, na hakutenda haki kukutisha nyumbani kwako. Kwa kawaida mzee wa kanisa huchaguliwa na washarika, na haondolewi na neno la mtu mmoja sebuleni. Soma katiba ya usharika wako ili ujue, usiishi kwa wasiwasi. Ila huyu ni mtu ambaye kwa miaka amebeba jengo lililozaliwa na tetemeko. Amesimama kwenye minada, amebisha hodi kwenye nyumba za watu, pengine ametukanwa. Sasa anaona bati zinakaribia na vijana wanaondoka. Nadhani ndani ya ukali ule kuna hofu ya kukamilisha kanisa litakalokosa watu wa kukaa ndani yake. Hofu hiyo mwanao angeweza kuielewa kama angeisikia kwa maneno mengine.

Sasa kuhusu baraza. Soma tena Matendo ya Mitume sura ya 6, ukiwa mzee wa kanisa na si msomaji wa kawaida. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa limeongezeka, na likaingia manung'uniko: Wayahudi wenye asili ya Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya umoja. Hawakufunga mlango. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakakiri kwamba kazi hiyo inahitaji watu, wakawaachia watu wenyewe wachague saba. Ukiyatazama majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia, yote ni ya Kiyunani. Waliokuwa wakinung'unika ndio waliokabidhiwa meza. Mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana.

Mimi kila nikifika hapo najiuliza ni baraza gani la wazee leo lenye ujasiri huo. Kwenu ingekuwaje kama vijana waliochuma kahawa wangekabidhiwa kazi ya kuwatunza wagonjwa wa usharika mzima, wakawa na fungu la fedha la kazi hiyo, mtunza hazina akawakagua kama anavyokagua kamati nyingine? Hapo habari za fungu la kumi zingekuwa na mahali pa kujibiwa. Na saa ya kumaliza maombi ikaandikwa, na kinanda kikawa na mtu wa kukipokea na kukirudisha. Sisemi baraza litakubali. Nasema hilo ni pendekezo ambalo mzee wa kanisa anaweza kulipeleka, na sijaona kwenye barua yako kama kuna aliyelipeleka.

Tatizo ni kwamba wewe pia ni mama wa kiongozi wa vijana, na wenzako wataona unamtetea mwanao. Unaweza kulitangulia hilo: simama mwanzoni mwa kikao useme wazi kwamba mmoja wao ni mwanao na kwamba kiwanja kimeombwa. Unaweza hata kusema hutapiga kura. Utakuwa umepoteza kura moja, na huenda ikawa ndiyo iliyohitajika; hiyo ni hatari ya kweli. Lakini huenda ukasikilizwa kuliko ukinyamaza wakati kila mtu kwenye chumba anajua. Mchungaji naye mwombe kwa barua, mapema, awakutanishe wazee wachache na vijana wachache kabla ya kura. Yeye ni mgeni, na mgeni huogopa kukanyaga nyaya asizozijua. Ukiona bado anasita, mkuu wa jimbo yupo, ingawa kumwita mkuu wa jimbo kunaweza kuwafanya wazee wenzako waone umewashtaki.

Tuje kwenye kiwanja chenyewe.

Ukikitoa moja kwa moja, fahamu unachotoa. Ardhi iliyokwishasimamishwa nyumba ya ibada ni ngumu sana kuirudisha, hata mkosane. Kikundi cha dini nchini kwetu kinatakiwa kusajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na kiwanja cha makazi au biashara kina masharti yake ya matumizi ambayo hayabadilishwi bila kibali cha mamlaka husika. Je, vijana wamelifikiria hilo au wamefikiria turubai tu? Na yule mtumishi wa mjini, mama, huyo ndiye anayenipa mashaka kuliko wazee wako wote. Simjui, sina neno baya juu yake. Lakini mwanao anapaswa kuweza kujibu: kanisa hilo likisajiliwa litakuwa kwa jina la nani? Akaunti ataishika nani? Vile vyombo vya muziki ni zawadi au mkopo? Huyo baba wa kiroho akikosea, nani ana mamlaka ya kumwambia? Vijana wako wanalalamika kwamba waliamuliwa jambo bila kikao. Itasikitisha wakihamia mahali ambapo hakuna kikao kabisa.

Unaweza kuazima badala ya kutoa: kwa maandishi, kwa muda mfupi, kwa maombi ya Jumatano tu, Jumapili wakirudi ibadani wakati mazungumzo yanaendelea. Hilo linawapa mahali pa kujikinga na mvua na linaacha mlango wazi kwa pande zote. Ubaya wake ni kwamba turubai la muda huzoeleka, na shemeji yako hataona tofauti kati ya kuazima na kutoa. Utakuwa umelipa gharama ya kutoa bila kuwa umetoa.

Na unaweza kukataa. Ukikataa, nakuomba isiwe kwa sababu umetishwa, kwa kuwa mwanao atajua na ndicho kitakachomuuma. Mwambie sababu yako mwenyewe, iwe ni ndugu zake, iwe ni uzee wako, iwe ni mashaka yako juu ya huyo mtumishi. Hatari hapa ni kwamba watakwenda kukodi ukumbi au darasa mahali pengine, na wewe utakuwa mbali wakati ambao wangehitaji mtu mzima karibu.

Huenda mwisho wake wakaondoka kweli, pamoja na juhudi zote. Paulo na Barnaba waligombana juu ya Marko wakaachana, kila mmoja na njia yake; imeandikwa wazi katika Matendo 15. Miaka baadaye Paulo akiwa kifungoni anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Walioachana waliweza kuitana tena, na nadhani iliwezekana kwa sababu hakuna aliyekuwa amechoma daraja nyuma yake. Likitokea hilo kwenu, jinsi mtakavyoagana itakuwa na uzito kuliko nani amebaki na jengo.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji kikao wala hati, nalo ni jumuiya yako. Hata jirani zetu Wakatoliki, maaskofu wao wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, walitaka kanisa lishuke kwenye nyumba, watu wajuane na kushikana mkono. Daftari la ahadi lina haki ya kuwapo. Bati hazinunuliwi kwa nyimbo. Lakini unaweza kumwomba kiongozi wa jumuiya daftari lifunguliwe siku nyingine, au lisisomwe kamwe kwenye nyumba yenye mgonjwa. Yule mzee mwenye nyonga, kuna aliyerudi kumwambia kwamba deni lake linaweza kusubiri? Ukienda, nenda na shemeji yako kama atakubali. Mpitishe shambani aione kahawa ilivyotunzwa, na umwambie ni nani waliofanya.

Kuhusu binti yako wa Mwanza, usimchukulie kama anayeingilia. Anaangalia mali ya baba yake na uzee wa mama yake. Usitie saini karatasi yoyote, ya kutoa wala ya kuazima, kabla hujamsomea kwa simu neno kwa neno, na ikiwezekana mwanasheria aipitie.

Kabla ya kikao, muulize mwenyekiti wa baraza kama vijana wawili wanaweza kuingia siku hiyo wakajieleza wenyewe, na kama mmoja wa wazee waliofunga mlango anaweza kueleza kwa nini, wao wakiwepo. Akikataa, niandikie tena, na uniambie alitoa sababu gani.